Sajini Aliyehesabu Themanini na Saba

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1952, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wake, akiwa wa tatu kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa karani wa stoo ya reli na mama yake mshonaji. Kazi yake ya kwanza alipewa akiwa na miaka sita: kila jioni, kabla mlango haujafungwa, alihesabu ndugu zake na kumpa mama yake jibu. Mdogo wake wa mwisho, mjomba wetu anayeongoza kamati ya mazishi haya, anakumbuka. "Alituhesabu kama kuku. Tulikuwa tunajificha chini ya kitanda makusudi ili hesabu imshinde. Haikumshinda. Alikuwa anahesabu miguu."

Majirani wa miaka hii yote wanamfahamu kwa jina la Sajini. Muuza duka alimwita hivyo, na daktari wake pia. Wasifu huu nao utamwita hivyo, ingawa cheo chenyewe alikipata akiwa na miaka thelathini na sita.

Alianza darasa la kwanza Januari 1960 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1970, akiwa wa kwanza katika hesabu na wa ishirini na tisa katika kuimba. Alitaka kuwa mwalimu. Nafasi ya chuo cha ualimu ilikuwa moja, ikaenda kwa mwenzake aliyeketi naye dawati moja. Sajini alikiri miaka mingi baadaye kwamba alimwonea wivu mwenzake huyo kwa miaka tisa mfululizo, na kwamba wivu huo ulikwisha siku moja ghafla, kama homa. Binti yake aliyapokea maneno hayo kwa furaha ambayo hakuionyesha. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba ugonjwa huo umewahi kuwapata watu wazima wenye heshima zao, na kwamba unapona.

Tarehe 1 Februari 1973 alijiunga na jeshi la magereza. Baada ya mafunzo ya miezi tisa alipangiwa lango kuu la gereza la wanawake, kazi yake ikiwa kupekua wageni. Hapo ndipo alipokutana na mume wake, fundi wa redio, aliyeitwa kutengeneza kipaza sauti cha uwanja wa gereza. Aliingia na bisibisi kumi na nne. Wakati wa kutoka Sajini alizihesabu akapata kumi na tatu. Alimrudisha ndani, naye akamsubiri getini saa nzima mpaka bisibisi ya kumi na nne ilipopatikana ndani ya kipaza sauti chenyewe. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Agosti 1976. "Wenzangu walioa kwa kupeleka posa," fundi alikuwa akiwaambia wateja wake. "Mimi nilioa kwa kupekuliwa."

Walijaliwa watoto wawili: binti, kifungua mimba, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1977, na mwana aliyezaliwa Julai 1982.

Kazi ambayo watu wengi waliopo hapa wanamkumbukia ilianza Jumatatu, tarehe 9 Juni 1980. Inabidi ielezwe taratibu, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitoka hapo.

Katika gereza, siku huanza kwa hesabu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wanawake huchuchumaa uwanjani kwa mistari ya watano watano. Askari hupita, huhesabu, hutaja idadi. Idadi hiyo hulinganishwa na ile iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ofisini jioni iliyotangulia. Zikilingana, siku inaendelea. Zisipolingana, hakuna anayetoka wala kuingia, na jiko haligawi chakula.

Asubuhi hiyo Sajini, wakati huo askari wa kawaida mwenye miaka ishirini na minane, alihesabu akapata themanini na saba. Ubao ulisema themanini na sita. Mwenzake akarudia akapata themanini na sita. Sajini akarudia akapata themanini na saba. Gereza lilisimama kwa saa mbili na dakika kumi. Gari la kuwapeleka mahabusu mahakamani lilikaa linanguruma nje ya geti. Mwishowe mkuu wa gereza alitoka mwenyewe, mwanamke mrefu asiyependa jua.

"Wangapi?"

"Themanini na saba, afande."

"Jana jioni walikuwa themanini na sita. Huyu mwingine ameingilia wapi?"

"Amezaliwa, afande. Alfajiri, selo namba tatu."

Kuna aliyecheka kwenye mstari wa nyuma. Mkuu wa gereza hakugeuka.

"Huyo ni kichanga. Vichanga hatuhesabu. Si wafungwa hao."

"Najua si mfungwa, afande. Lakini yupo. Nimemwona, anapumua."

Alipewa barua ya onyo na miezi mitatu ya kurudi lango kuu. Barua hiyo bado ipo kwenye jalada lake, na sababu ya onyo imeandikwa kwa maneno mawili: "Ameongeza mtu." Mtoto mwenyewe, msichana, wanawake wa selo namba tatu walimpa jina la Saba, na halijamtoka hadi leo.

Sajini aliporudi kwenye selo Septemba ya mwaka huo, aliandika mstari wa pili kwenye ubao wa ofisini, chini ya ule wa wafungwa: "Watoto 9." Mkuu wa gereza aliufuta kwa kitambaa kibichi. Kesho yake Sajini akauandika tena.

Watu walimuuliza kwa nini anajitafutia ubaya kwa sababu ya mstari mmoja. Kanuni ilikuwa wazi tangu zamani: mtoto anayeishi gerezani na mama yake si mhalifu, na ana haki ya chakula chake, nguo zake, chanjo na mahali pa kuchezea, mpaka atimize miaka minne. Hakuna mkubwa aliyeipinga kanuni hiyo. Ilikuwa kabatini, imejalidiwa vizuri. "Kitabu kinasema mtoto apewe maziwa," Sajini alimweleza mumewe mezani. "Lakini mpishi hasomi kitabu. Mpishi anasoma ubao. Ubao ukisema themanini na sita, anapika sahani themanini na sita. Mtoto anakula nusu ya mama yake." Blanketi ziligawiwa kwa ubao. Sabuni iligawiwa kwa ubao. Muuguzi wa chanjo alipopiga simu kuuliza kama kuna watoto, karani alitazama ubao na kumjibu hakuna.

Kwa miezi kumi na moja mmoja aliandika na mwingine akafuta. Hawakugombana. Karani wa zamani wa ofisi hiyo, ambaye yupo nasi leo, anasema ilifika mahali mkuu wa gereza akaingia asubuhi na kitambaa mkononi hata kabla ya kuvua kofia.

"Wewe, hii chaki unaitoa wapi kila siku?"

"Naleta ya kwangu, afande. Ya serikali niliona inapungua."

Agosti 1981 alikuja hakimu wa ukaguzi, mapema kuliko alivyotarajiwa, kabla kitambaa hakijapita. Alisoma ubao akauliza, "Hawa tisa mnawalisha nini?" Wiki mbili baadaye mstari wa pili uliandikwa kwa rangi nyeupe ya mafuta, na maziwa yakaanza kuja, nusu lita kwa kila mtoto.

Hayo yalikuwa ya kule. Nyumbani, binti yake alikuwa na hesabu yake mwenyewe.

Alijua majina ya watoto wa ndani kabla ya kujua ya wanafunzi wenzake. Alijua nani ameota jino, nani anaogopa sauti ya kiume kwa kuwa hajawahi kuisikia, nani neno lake la kwanza lilikuwa "afande". Sajini aliyaleta hayo mezani kila jioni, amevua buti, miguu kwenye beseni la maji, uso umechangamka. Jino la kwanza la binti yake liling'oka shuleni. Alilitia kwenye kiberiti kitupu, akakaa nalo mlangoni kuanzia saa nane. Sajini aliingia saa kumi na mbili, na kabla hajakaa akasema, "Saba leo amehesabu mpaka kumi." Kiberiti kile hakikufunguliwa. Kipo mpaka leo.

Akiwa na miaka mitano na nusu, binti huyo aliiba sukari dukani, nusu kilo, akaipeleka nyumbani na kujisalimisha.

"Nimeiba."

Sajini alitazama sukari, akamtazama yeye. "Kwa nini?"

"Nataka kufungwa."

"Ufungwe wapi?"

"Kazini kwako."

Fundi wa redio alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Sajini hakucheka. Alimshika mkono wakairudisha sukari, na njiani wakati wa kurudi akamwambia, "Wale watoto hawakuiba kitu chochote."

"Sasa kama hawakuiba, kwa nini wao wakae na wewe?"

Sajini alimhamishia mkono wa pili, wakaendelea kutembea mpaka nyumbani.

Mumewe naye alikuwa na kinyongo chake, ila alikitoa kwa mzaha. Jioni chakula kikichelewa aligonga meza kwa kijiko. "Afande, kuna mfungwa wa nje huku. Sijui kama yupo kwenye ubao." Wote walicheka. Binti yake alicheka kuliko wote, na alimaanisha kuliko wote.

Juni 1984 Saba alitimiza miaka minne. Kanuni ilisema atoke. Mama yake alikuwa amebakiza miezi kumi na moja ya kifungo. Kosa la mama huyo Sajini hakulitaja nyumbani hata siku moja, na binti yake, ambaye leo kazi yake ni kuuliza, hajawahi kulipata. Ndugu waliandikiwa barua tatu. Hakuna aliyekuja. Nyumba ya kulelea watoto ilikuwa imejaa. Kwa hiyo Jumatatu moja saa kumi na mbili jioni, Sajini aliingia nyumbani na barua ya ustawi wa jamii mkono mmoja na Saba mkono wa pili.

"Atalala na wewe," alimwambia binti yake. "Upande wa ukutani."

Upande wa ukutani ulikuwa wa binti yake.

Asubuhi ya kwanza Saba alipatikana amesimama mbele ya mlango wa chumba, wima, mikono pembeni, amekojoa palepale. Mlango haukuwa umefungwa.

"Si ungefungua?" binti wa nyumba alimwambia.

"Nani?"

"Wewe."

Saba aliutazama mlango, kisha akamtazama mwenzake kama mtu anayetaniwa. Katika maisha yake yote milango ilifunguliwa na mtu mwingine, kutoka upande mwingine. Hakuwahi kuona mlango wenye kitasa upande wa ndani.

Sajini aliyasikia hayo akiwa anafunga kamba za buti. Jioni alirudi na bisibisi ya mumewe, akang'oa kitasa cha mlango wa chumba cha watoto wake, akakifunga kwenye gazeti, na kesho yake akaondoka nacho. Aliomba kibali, akakipata, akakifunga kwa mkono wake kwenye mlango wa chumba cha watoto gerezani, ule unaotokea kwenye uwanja wao wa kuchezea, upande wa ndani, futi mbili kutoka sakafuni. Nyumbani palibaki tundu. Fundi wa redio alipitisha kamba ya viatu, akaifunga fundo, na kwa miaka mitatu binti yake alifungua chumba chake kwa kuvuta kamba. Alipouliza kitasa kitanunuliwa lini, aliambiwa, "Wewe unajua mlango unafunguka. Subiri."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku pekee ya Sajini kuwa nyumbani, na asubuhi yake ilikuwa ya kusuka nywele. Binti yake alikaa kwenye kigoda, kichwa kati ya magoti ya mama yake, na kwa saa mbili hapakuwa na gereza. Saba alipokuja, Jumamosi mbili kila mwezi zikawa za kumpeleka kumwona mama yake, kwa sababu, Sajini alisema, mtoto ametoka gerezani lakini hajatolewa kwa mama yake. "Saba kwanza. Saa tatu geti linafunguliwa." Jumamosi moja alijaribu kuwatendea haki wote wawili. Saa mbili na nusu ilimkuta amemaliza upande mmoja tu wa kichwa cha binti yake. Aliondoka na Saba. Binti yake alikaa hivyo hivyo mpaka jioni, nusu amesukwa na nusu amefumuka, kwenye kigoda kilekile, akikataa kuingia ndani ili wapita njia waone.

Mei 1985 mama yake Saba alimaliza kifungo. Walimkabidhi mtoto nje ya lango kuu. Mwanamke alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wenye vitu vyake vyote, na hakujua aupeleke mkono upi ili apate wa kumshika mwanawe. Saba alimshika Sajini sketi ya sare. "Mama, twende nyumbani."

"Huyu ni mama yangu," binti yake alisema, kwa sauti iliyofika kwa walinzi. "Wako ni yule."

Walirudi kwa miguu. Walipokaribia nyumbani Sajini alisema, "Ulichosema ni kweli. Lakini ungeweza kukisema kesho."

Alipanda cheo kuwa koplo mwaka 1983, sajini mwaka 1988, na alistaafu tarehe 31 Machi 2007. Mumewe alikuwa ametangulia tarehe 3 Mei 2006, baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minane ya ndoa. Katika miaka yake ya kazi watoto mia mbili na kumi na wanne waliishi katika gereza lile. Idadi hiyo ni yake mwenyewe, kwenye madaftari manne ya shule yaliyokutwa kabatini kwake. Kila mtoto ana siku ya kuingia, siku ya kutoka na jina la aliyempokea. Pale ambapo hakuna aliyempokea, ameandika alikokwenda, na tarehe alizokwenda kumwangalia.

Saba alijifunza kuchomelea vyuma na sasa ana karakana yake ya mageti na madirisha. "Mimi nilizaliwa nyuma ya nondo," huwaambia wateja. "Sasa nawauzia wenye nyumba zao wajifungie wenyewe." Alikuja kumwona Sajini kila tarehe 9 Juni. Sajini hakuhitaji kalenda kwa siku hiyo. Ilikuwa na barua ya onyo. Siku ya kuzaliwa ya binti yake alikumbushwa na mumewe.

Februari 2021 Sajini alipata kiharusi. Alirudi nyumbani mkono wa kulia ukiwa mzito, na akili yake ikaanza kwenda na kurudi. Kitu ambacho hakikumtoka ni hesabu. Kila asubuhi aliamka akatazama chumbani.

"Wangapi?"

"Watatu, mama," binti yake alimjibu. "Mimi, mwanao na muuguzi."

"Wanne. Hesabu tena."

Alikuwa akiambiwa watatu, naye akisema wanne, mpaka chai ikapoa. Kwa wiki saba binti yake aliendelea kusema watatu. Alijua wa nne ni nani, na namba ya simu alikuwa nayo. Kazi yake ni kupata ukweli wa mambo na kuupeleka mahali unapotakiwa; huu aliukalia. Katika wasifu huu anaomba uandikwe.

Wiki ya nane alipiga simu. Saba alikuja moja kwa moja kutoka karakana, na mikono yenye alama za cheche, akasimama miguuni pa kitanda. Sajini alizungusha macho taratibu, mtu baada ya mtu.

"Wanne," alisema, akalala mpaka adhuhuri.

Alilazwa hospitali tarehe 2 Oktoba mwaka huu, wodi namba nne, kwa maji kwenye mapafu. Saba na binti yake walipokezana kukaa naye. Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, binti yake alishuka hadi dirisha la dawa kupeleka karatasi. Sajini alifariki saa moja na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Saba. Binti yake alifika saa moja na dakika ishirini na sita.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu, dada. Alikuwa amelala."

Saba angeweza kumdanganya kwamba mama yake alimuulizia. Hakumdanganya. Dakika hizo sita binti yake hajamsamehe mtu bado, na hana uhakika ni nani anayepaswa kusamehewa.

Jumatano jioni kamati ilikaa sebuleni kuandaa programu hii. Mjomba alikuwa na kalamu.

"Watoto wa marehemu wangapi?"

"Wawili," binti yake alisema. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliandikwa hivyo: "Ameacha binti wa pekee na mwana mmoja."

Saba alikuwa mlangoni, anapanga viti. "Mjomba, mimi uniandike hata kwa majirani."

"Wewe si jirani," binti wa marehemu alisema. "Unakaa mbali."

"Basi niandike kwa waliochelewesha hesabu."

Mjomba aliangalia chini. Alhamisi asubuhi mpishi aliyekodiwa alikuja na daftari lake, akauliza familia ya marehemu ni watu wangapi ili ajue atenge chakula cha wangapi. Binti yake alimpa idadi ya kwenye rasimu.

Mchana alikwenda gerezani kuthibitisha tarehe za utumishi, kwa kuwa tarehe hazikubali kukisiwa. Karani alimwachia jalada akaenda kutafuta muhuri. Ubao ulikuwa palepale ukutani. "Wafungwa 104. Watoto 11." Wakati wa kutoka aliomba kuona chumba cha watoto. Aligonga. Alisubiri kusikia viatu vya askari. Badala yake kitasa kilishuka chenyewe, mlango ukafunguka, na mtoto wa kama miaka mitatu akasimama mbele yake, amekishika bado.

"Karibu," mtoto alisema. "Sukuma. Mzito huu."

Kitasa kimelika upande mmoja, kiasi cha kiganja kidogo. Binti wa Sajini alikitambua kwa mkwaruzo aliouchora yeye mwenyewe kwa pini, akiwa darasa la kwanza. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Aliporudi nyumbani alimkuta mjomba getini na daftari, jasho linamtoka. Mbele yake palikuwa na mstari wa watu wazima: mwalimu wa chekechea, dereva, mama mwenye mtoto mgongoni, kijana aliyevaa suti ya kuazima.

"Kila mmoja ananiambia ni mtoto wake," mjomba alisema kwa sauti ya chini. "Dada yangu alizaa mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwepo. Sasa wamefika thelathini na wawili, na wengine wamepiga simu wako njiani. Nawaandika wapi?"

Binti yake alipita hadi jikoni. Mpishi alikuwa ameshaanza kupima, daftari liko wazi mbele yake, na kwenye mstari wa watoto wa marehemu palikuwa na namba 2. Mpishi hakuwa na kosa. Alisoma alichopewa. Binti wa Sajini aliitazama namba ile, na mkononi mwake alikuwa na kitambaa alichochukua mlangoni kujifutia jasho, kibichi.

Alimwomba mpishi kalamu.

Marehemu ameacha watoto arobaini na mmoja: binti yake mkubwa, mwandishi wa gazeti; Saba, mchomeleaji; mwanawe, fundi wa redio kama baba yake; na wengine thelathini na wanane waliokaa ndani na mama zao bila kosa lao, ambao majina yao yako nyuma ya programu hii kwa mpangilio wa siku walizotoka. Ameacha pia mdogo wake, mjomba wetu. Wajukuu wa nyumbani ni watano, na wa huko kwingine bado tunaendelea kuwaandika. Wale ambao hawakuweza kufika wako kwenye madaftari manne, na madaftari yatatunzwa.

Binti yake mkubwa ameombwa na kamati asogee nafasi moja kwenye mstari wa mbele ili Saba akae karibu na jeneza. Amesogea. Kwenye orodha hakusogea, na Saba amesema sawa, yeye kuwa wa pili amezoea, alizaliwa akiwa wa themanini na saba.

Hesabu ilifanyika leo Jumamosi, tarehe 21 Oktoba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hapa getini. Ilirudiwa mara mbili na ikalingana.

Tupo wote, Sajini. Pumzika sasa, kwa amani.